Mustang ya 1966 na diski za mbele zilizokataa kuachia: uchambuzi wa kisa

Gari ni Ford Mustang ya mwaka 1966, V8 ya lita 4.7, ambalo kiwandani lilitoka na breki za drumu magurudumu yote manne. Mwenyewe ni mzee mstaafu, mtu wa mikono, mvumilivu wa kazi za polepole. Alinunua seti ya kubadilisha breki za mbele kuwa za diski, akanunua kando masta silinda (pampu ya breki inayosukumwa na pedali) ya vyumba viwili badala ya ile ya asili yenye chumba kimoja, akafunga vyote nyumbani kwake. Kazi ya kwenye habu aliifanya safi. Beringi zina grisi ya kutosha, boliti za kalipa (kifaa kinachobana pedi kwenye diski) zimekazwa kwa spana ya kupimia, na mipira ya breki, yaani mabomba laini ya kupeleka mafuta gurudumuni, haigusi popote hata usukani ukikatwa mpaka mwisho.

Lakini gari lilikuwa halitembeleki kwa raha. Asubuhi linatoka vizuri. Baada ya nusu saa hivi ya kukanyaga na kuachia linakuwa zito, ukiondoa mguu kwenye mafuta halitaki kuserereka, na harufu ya pedi inaingia mpaka ndani. Rimu za mbele hazishikiki kwa joto.

“Fundi, likipoa linakuwa zima,” aliniambia. “Kila anayelipandisha jeki anaona magurudumu yanazunguka, ananiambia hakuna kitu.”

“Basi mzee, tutalipima likiwa bado limeshika.”

Kulikuwa na lalamiko la pili, ambalo kwangu lilikuwa zito kuliko la kwanza: barabara ikilowa, akikanyaga kwa nguvu, sehemu ya nyuma inateleza na kutaka kuipita mbele.

Nakiandika kisa hiki kwa kirefu kwa sababu seti hizi huuzwa kana kwamba breki ni kitu cha kwenye gurudumu. Breki ni hesabu moja inayoanzia kwenye unyayo wa dereva na kuishia kwenye tairi, na kila kipande katikati kilipimwa kwa ajili ya kipande kinachofuata. Ukibadilisha cha mwisho, unawajibika kupima upya vyote vilivyotangulia.

Je, diski zilihitajika?

Swali hili naliweka mbele maana watu hulipita. Drumu nzima, zilizosetiwa vizuri, zinaweza kufunga magurudumu ya gari kama hili bila shida. Zikishafika hapo, kinachosimamisha gari ni mshiko wa tairi na barabara, na diski haziongezi kitu. Kwa breki moja ya ghafla gari likiwa limepoa, tofauti ni ndogo kuliko wengi wanavyodhani.

Tofauti huonekana kwenye breki ya tatu na ya nne zikifuatana. Gari la kilo 1,300 linalokwenda kilomita 100 kwa saa limebeba nishati ya mwendo inayokaribia kilojuli 500, na karibu yote lazima igeuzwe kuwa joto ndani ya sekunde chache. Kwa kilomita 50 ni robo tu ya hiyo. Drumu ikipata joto hutanuka kwenda nje, inazikimbia shuu zake (vipande vya ndani vinavyoisugua), na pedali inashuka. Diski ikipata joto inanenepa kuelekea kwenye pedi. Zaidi ya hapo, drumu za aina hii zina shuu mbili zilizounganishwa chini: drumu ikizunguka huikokota shuu ya kwanza, nayo inaisukuma ya pili, kwa hiyo gari lenyewe linamsaidia dereva kukanyaga. Ni msaada mkubwa, lakini unategemea msuguano. Joto likipunguza msuguano wa shuu, na ule msaada nao unapungua, ndiyo maana drumu zikianza kufifia zinafifia kwa kasi. Diski haina msaada wa namna hiyo, na kwa sababu hiyo hiyo haina cha kupoteza. Kumbuka hili, litarudi kwenye hesabu ya pedali.

Kama mtu ananiambia ana uwezo wa kubadilisha kitu kimoja tu kwenye gari la umri huu, namwambia aanze na masta silinda ya vyumba viwili. Kwenye ile ya chumba kimoja, paipu moja ikipasuka popote, breki zote nne zinakwenda kwa wakati mmoja na pedali inalala sakafuni. Ford wenyewe waliweka vyumba viwili kwenye Mustang ya 1967, na kanuni za usalama za Marekani zikalifanya jambo hilo kuwa la lazima kwa magari mapya ya abiria kuanzia 1 Januari 1968. Mzee alikuwa na nia sahihi kabisa. Kilichomponza ni kwamba masta aliyouziwa ilitengenezwa kwa ajili ya gari lenye drumu mbele na nyuma.

Kulifuata tatizo kwa kulegeza

Tuliliendesha mpaka likashika, tukaliweka kwenye stendi kabla halijapoa, yaani kwa haraka na kwa glovu. Gurudumu la mbele lilizunguka kwa kusukumwa kwa mikono miwili, na ukiliachia linasimama palepale.

Gari likishika breki namna hii, sababu zinazowezekana ni nne tu, na zinatenganishwa kwa spana moja ukifuata mpangilio. Unaanzia gurudumuni na kurudi nyuma kuelekea kwenye pedali.

Nilianza na nipo ya kalipa ya kulia, yaani skrubu ndogo ya kutolea upepo, nikailegeza kidogo. Mafuta ya breki yaliruka mara moja kwa muda mfupi, yakakatika. Gurudumu la kulia likaachia, na la kushoto likaachia pamoja nalo. Katika kitendo hicho kimoja kuna majibu mawili. La kwanza, kilichoshika kilikuwa presha iliyonaswa. Ingekuwa pistoni iliyokwama au pini za kalipa zilizokauka, kulegeza nipo kusingebadilisha kitu. La pili, mipira ya breki ni mizima. Mpira wa breki uliooza ndani hufanya kazi kama mlango wa upande mmoja: mguu una nguvu ya kuyapitisha mafuta kwenda, lakini hayarudi. Kama mpira wa kushoto ungekuwa umeziba, kufungua nipo ya kulia kusingelisaidia gurudumu la kushoto.

Nikafunga nipo, mzee akakanyaga pedali mara moja na kuachia. Magurudumu yakashika tena. Hapo ndipo tulipoelewa kwa nini kila aliyelikagua hakuona kitu. Gari likipoa, mafuta ndani ya paipu yanasinyaa na presha inashuka. Ukilipandisha jeki asubuhi na kuzungusha gurudumu bila kugusa pedali, unakuta limelegea kabisa. Ugonjwa unarudi mguu unapogusa pedali kwa mara ya kwanza.

Hatua ya tatu ilikuwa kwenye masta yenyewe. Nililegeza nati mbili zinazoishikilia kwenye bati la mbele ya dereva, nikaivuta mbele milimita chache. Kama fimbo ya pedali ingekuwa ndefu mno, pistoni ya masta isingekuwa inarudi mpaka mwisho, tundu dogo la kurudishia mafuta kwenye chumba chake lingebaki limefunikwa, na kuivuta masta mbele kungeachia breki. Hazikuachia. Kwa uhakika zaidi, funua kifuniko cha masta, mtu mmoja aguse pedali polepole sana, wewe uangalie mafuta: mwanzoni kabisa mwa mwendo utaona kijiwimbi kinapanda juu ya uso wake. Kikionekana, tundu liko wazi. Hapa kilionekana. (Vaa miwani, pedali ikikanyagwa kwa pupa mafuta hayo yanaruka mpaka usoni, na yakigusa rangi ya gari yanaibambua.)

Kilichobaki ni nati ya paipu inayotoka kwenye masta kwenda mbele. Niliilegeza kidogo, nikiwa nimezungushia kitambaa. Magurudumu yote mawili yakaachia. Presha ilikuwa inashikiliwa pale pale kwenye tundu la kutokea, si mbele yake wala nyuma yake.

Tulipoishusha masta na kuchomoa kikalio cha shaba kwenye tundu hilo, chini yake palikuwa na kipande kidogo cha mpira chenye mpasuko katikati, na springi nyembamba nyuma yake. Hiyo ndiyo valvu ya kubakiza presha. Kazi yake ni kuzuia mafuta yasirudi yote, ili paipu ibaki na karibu paundi 10 kwa inchi ya mraba, sawa na bar 0.7 hivi.

Kwenye drumu za zamani valvu hiyo ina kazi ya maana. Pedali ikiachiwa, mipira ya ndani ya wili silinda (silinda ndogo ya gurudumuni inayosukuma shuu) inaweza kulegea kwa muda mfupi na kuvuta hewa. Presha kidogo inayobaki huibana kwenye kuta zake. Wili silinda yenye kipenyo cha milimita 28 ina eneo la sentimita za mraba 6 na ushee, kwa hiyo bar 0.7 inasukuma shuu kwa nguvu isiyofika kilo 5. Springi za kurudishia shuu ni kali kuliko hapo, wala hazisikii.

Pistoni ya kalipa kwenye seti hii ni milimita 60. Eneo lake ni sentimita za mraba 28. Presha ile ile sasa inabana pedi kwa nguvu ya karibu kilo 20, na kalipa haina springi ya kuivuta nyuma. Kinachorudisha pistoni ya kalipa ni oringi yake ya pembe nne, pete ya mpira ambayo hujikunja kidogo pistoni inapotoka na kujinyoosha presha inapokwisha, ikiivuta sehemu ndogo ya milimita. Presha isipokwisha, oringi hiyo haina kazi. Pedi zinabaki zimelalia diski, na kwa msuguano wa kawaida hiyo ni karibu kilowati moja ya joto katika kila gurudumu la mbele gari likienda kilomita 60 kwa saa, safari nzima, mguu ukiwa mbali na pedali. Nusu saa ya hali hiyo inatosha kupika grisi ya beringi.

Masta ipi, basi?

Ingewezekana kuitoa valvu ya mbele tu na kuirudisha masta ile ile. Mzee alilipendekeza na si wazo baya. Nilikataa kwa sababu mbili. Chumba chake cha mafuta ya mbele kilikuwa kidogo: kalipa hunywa mafuta zaidi kadiri pedi zinavyoisha, ndiyo maana masta za diski na drumu huwa na chumba kimoja kikubwa kuliko kingine, na kile kikubwa ndicho cha diski. Sababu ya pili ni kipenyo.

Gari hili halina busta, kile kifaa cha kuongezea nguvu ya mguu, na mwenyewe hataki busta. Nimemheshimu katika hilo. Uwiano wa pedali isiyo na busta mara nyingi ni karibu 6 kwa 1, basi mguu ukikanyaga kwa niutoni 300, ambayo ni breki ya nguvu lakini ya kawaida, fimbo inasukuma kwa niutoni 1,800. Masta ya inchi moja, yaani milimita 25.4, inatoa bar 35 kutoka kwenye nguvu hiyo. Ya milimita 23.8 inatoa bar 40. Ya milimita 22.2 inatoa bar 46. Kwa kuwa diski hazijisaidii kama drumu, zinataka presha kubwa zaidi kwa kazi ile ile, na kipenyo kidogo kinavutia. Lakini hakuna cha bure hapo: kadiri masta inavyokuwa nyembamba ndivyo pedali inavyolazimika kwenda mbali ili kusogeza mafuta yale yale. Ukiona mtu anasifu pedali yake kwamba ni ngumu na fupi, muulize gari linasimama vipi. Mara nyingi amefunga masta nene mno.

Tulichagua ya milimita 23.8, ya diski mbele na drumu nyuma, isiyo na valvu ya kubakiza presha upande wa mbele, na yenye valvu hiyo upande wa nyuma kwa kuwa drumu za nyuma zimebaki. Kuna valvu za paundi 2 ambazo huwekwa kwenye mkondo wa diski, na watu huzinunua kwa mazoea. Hizo ni za magari ambayo masta iko chini ya sakafu, chini kuliko kalipa, ili mafuta yasiteremke kurudi. Masta ya Mustang iko juu. Hazina kazi hapa.

Paipu

Tukiwa chini ya gari nilikuta kitu ambacho hakikuwa kwenye malalamiko. Paipu ndefu ya kwenda nyuma ilikuwa imeungwa, miaka mingi nyuma kabla ya mzee huyu, kwa kiungio cha kubana chenye pete ya shaba, cha aina inayotumika kwenye maji. Kiungio hicho hakifai kwenye breki hata kwa siku moja. Pete inashikilia paipu kwa kuibana tu, na presha ya breki ya ghafla inaweza kuichomoa.

Tukaitoa paipu yote na kuweka mpya ya shaba na nikeli ya milimita 4.75, ambayo inakunjika kwa mkono na haishiki kutu. Mdomo wake lazima ukunjwe mara mbili. Hatua ya kwanza ya kifaa inaufanya mdomo uvimbe, ya pili inaurudisha ndani ujilalie wenyewe, na ukimaliza unaona koni yenye ukingo laini wenye unene maradufu. Ukikunjwa mara moja tu, ukingo unabaki mwembamba na hupasuka nati inapokazwa, wakati mwingine ufa ambao hauonekani mpaka umetumia gari. Kila mdomo niliukagua kwenye mwanga. Wenye mkwaruzo ulikatwa na kuanza upya. Na usisahau kuvika nati kabla ya kukunja mdomo wa pili.

Nati zenyewe zina mtego wake. Gari hili ni la nyuzi za inchi, na vifaa vingi vya kisasa ni vya milimita. Nati ya inchi tatu ya nane ina kipenyo cha milimita 9.5 na umbali kati ya uzi na uzi unaokaribia milimita moja. Tundu la milimita 10 lina umbali wa milimita moja kamili. Nati hiyo inaingia kwenye tundu hilo, inazunguka vizuri, hata inaanza kukaza. Kisha inachana nyuzi. Nati ikiingia kwa ulegevu usioueleza, itoe upime.

Nyuma kutaka kupita mbele

Tatizo la pili lilitokana na hesabu ile ile. Gari likifunga breki uzito unahamia mbele, tairi za nyuma zinapungukiwa mshiko, na kiwandani breki za mbele zilipangiwa kufanya sehemu kubwa ya kazi. Baada ya mabadiliko, mbele palihitaji presha kubwa zaidi, dereva akakanyaga zaidi ili gari lisimame, na presha hiyo hiyo ikaenda kwenye drumu za nyuma ambazo bado zinajisaidia zenyewe. Nyuma pakafunga kwanza. Magurudumu ya mbele yakifunga, gari linaenda moja kwa moja na usukani haufanyi kazi; ni hatari, lakini dereva anaweza kupunguza mguu. Ya nyuma yakifunga, gari linageuka, na kwenye maji hutapata muda wa kupunguza chochote.

Dawa yake ni valvu ya kugawa presha yenye kirungu cha kurekebisha, kwenye mkondo wa nyuma peke yake. Kwa breki ndogo inapitisha presha yote. Ikivuka kiwango fulani, presha ya nyuma inaendelea kupanda lakini polepole kuliko ya mbele. Tulianza na kirungu kikiwa kwenye ukomo wa kupunguza, kwenye uwanja mpana uliolowa na usio na watu, mwendo mdogo, mtu mmoja akiwa amesimama mbali kando kuangalia tairi ipi inafunga. Kisha tukaongeza nyuma kidogo kidogo mpaka mbele ikawa inafunga kwanza kwa tofauti ndogo, na tukarudisha kidogo tena kwa usalama. Tairi zikibadilishwa, zoezi hili linarudiwa.

Kutoa upepo kulikwenda haraka. Masta ilitolewa upepo mezani kabla ya kufungwa, kisha gurudumu la mbali zaidi na masta likaanza. Nipo za kalipa zilikuwa juu, kama inavyotakiwa. Ukizikuta chini, kalipa zimebadilishana pande, na hewa haitatoka hata ukikanyaga mchana kutwa. Mafuta yote ya zamani tuliyamwaga kwa sababu yalikuwa yameungua. Tuliweka DOT 4, ambayo ikiwa mpya haichemki kabla ya nyuzi 230 za Selsiasi, lakini ikishanyonya unyevu inaweza kuchemka kwenye 155. Mvuke unabinyika, mafuta hayabinyiki. Pedali inayozama ghafla kwenye mteremko mrefu mara nyingi ni mvuke. Pedi zilikuwa zimeng’aa kwa joto, zikabadilishwa, na mpya zikazoeshwa kwa breki za wastani zinazofuatana, gari likiachwa lipoe katikati bila kusimamishwa kabisa mguu ukiwa umekandamiza. Vumbi la shuu za nyuma lilifutwa kwa kitambaa kibichi. Shuu za enzi hizo mara nyingi zilikuwa na asbesto, madini ya nyuzi zinazodhuru mapafu, na mtu asithubutu kulipuliza kwa upepo wa kompresa.

Sasa gari likiachiwa linaserereka, na rimu za mbele baada ya safari ndefu zinashikika kwa mkono. Mzee aliniuliza kama nyuma nako aweke diski. Nilimwambia aache. Drumu zile zinabeba sehemu ndogo ya kazi na haziishi haraka. Breki yake ya mkono iko ndani yake kwa waya wa asili, na inashikilia gari kwenye mwinuko kuliko kalipa nyingi za nyuma nilizowahi kufunga. Na akibadilisha, masta, valvu ya nyuma na kirungu vyote vinahesabiwa upya tangu mwanzo.